Shika Simu Vizuri

Moraa mama,

Umetoka hapa sasa hivi, joho la kwaya begani, funguo za gari langu mkononi. Ulisimama mlangoni ukaniangalia. "Dad, uko sawa? You look tired." Nikakujibu niko sawa, ni hili joto la Agosti tu, nenda urudishe joho la watu na uwaage wenzako mapema. Ukaenda. Nimekudanganya, Moraa. Siko sawa tangu Jumamosi, na kesho asubuhi mimi ndiye ninayetarajiwa kushika usukani nikupeleke chuoni Duluth.

Nilikaa hapa mezani nikuandikie barua ya mzazi, ya kusomwa ukishapanga vitu vyako huko bwenini. Nilikuwa nimejipanga nikueleze habari za marafiki, za ibada, za koti la baridi. Lakini hayo mama yako ameshayasema yote, mengine mara mbili, na wewe ulikuwa ukimwitikia huku umeziba masikio kwa vile vidude vya muziki. Mimi nitaandika jambo ambalo hakuna mtu mwingine katika nyumba hii anayelijua. Naandika kwa Kiswahili makusudi. Miaka yote nakusemesha Kiswahili unanijibu Kiingereza, nami nimeshakuzoea, ila kuna mambo nikiyasema kwa Kiingereza najisikia kama namjibu meneja wa kazini. Soma polepole. Neno likikushinda mpigie mama yako, maana wakati huo naye atakuwa ameshajua kila kitu, na Mungu anisaidie siku hiyo.

Jumamosi tulipandisha lile friji lako dogo kutoka basementi, wewe juu, mimi chini. Katikati ya ngazi kitu kilinikaa kifuani. Hakikuchoma. Kilikuwa uzito, kama mtu amekaa hapo na hana haraka ya kuondoka. Nikakuambia tupumzike, nikajifanya natafuta mahali pazuri pa kushika. Ukacheka ukasema, "Dad, you're getting old." Nikacheka nawe. Nilipokaa kidogo, ule uzito ukaondoka, nikajiambia ni ule ugali niliokula kwa pupa.

Jumatatu ukarudi. Nilikuwa natembea kutoka maegesho kwenda mlango wa ghala kule Eagan, njia ninayoipita kila siku ya kazi, wala sikuwa nimebeba chochote ila chakula changu. Nikasimama kando ya lori nikajifanya nasoma ujumbe kwenye simu. Kijana mmoja wa Kongo tunayefanya naye kazi akanipita, akasalimu, nikainua mkono. Ukaondoka tena. Hapo nikanunua dawa ya kiungulia, nikaitafuna njiani nikirudi nyumbani Champlin, na nikajisifu kwamba nimejitibu.

Jana jioni ndipo nilipoogopa. Wazee wa kanisa walipokuja kukuombea safari, tulisimama duara tukashikana mikono, mchungaji akafungua sala, na unamjua mchungaji wetu, akiombea mtu anayekwenda Duluth lazima aanzie Edeni. Jasho likaanza kunitoka, jasho la baridi, shati likanigandia mgongoni. Kisha taya la kushoto likaanza kuuma kama jino bovu. Niliuachia mkono wa Mzee Nyakundi polepole, nikaenda jikoni, nikafungua friji nikaweka uso humo ndani. Mama Nyakundi akanikuta hapo.

"Baba Moraa, kwani ni nini? Mbona unatoa jasho hivyo?"

"Ni chai yenu, Mama. Mmeichemsha sana."

"Chai gani, na hata kikombe hujagusa?"

Akacheka, nikacheka, akaniletea kitambaa. Nikarudi sebuleni kwa wakati wa kusema Amina. Ulikuwa umepiga magoti katikati, mikono ya watu wote kichwani pako, na nikaona jinsi mama yako anavyokuangalia. Nikajiambia hata kama ni kitu kibaya, kitasubiri hadi msichana huyu afike shuleni. Ukijua, hutaondoka. Mama yako akijua, ataniburuta hospitalini kwa kola ya shati. Kwa hiyo nikanyamaza, nikaona nimekuwa mwanaume.

Sasa nikueleze kwa nini mtu anayejua ninayoyajua anaweza kunyamaza hivyo.

Desturi yetu ya Jumapili unaijua. Ibada ikiisha na chai na mandazi vikishashuka, mama yako hutoa mashine ya presha kwenye mkoba, na wazee wanajipanga kwenye vile viti vya plastiki. Yeye ndiye nesi, mimi ndiye fundi wa kufunga mkono. Nawaambia: Mzee, kaa kwanza utulie. Miguu yote chini, usikunje. Egemea kiti. Mkono juu ya meza. Usiongee, na hasa usiongee siasa za Kenya, itapanda bure. Wananitii kuliko wanavyomtii mchungaji. Wakishapimwa nawakumbusha dalili kama nilivyomsikia mama yako akizisema: kifua kubana, maumivu yanayotambaa kwenda mkono, taya au mgongo, pumzi kukata, jasho la baridi. Uso kushuka upande mmoja, mkono kukosa nguvu, maneno kuburuta. Ukiziona, piga namba ya dharura, usijiendeshe, usingoje kupambazuke. Nayasema vizuri. Kuna wazee wanaodhani na mimi nilisomea unesi.

Ila sasa sikiliza ujanja wa baba yako. Kanisani mtu akiniuliza, "Na wewe je, Baba Moraa, umepimwa?" nasema mama Moraa hunipima nyumbani. Nyumbani mama yako akiniuliza, nasema nilipimwa leo kanisani, yeye alikuwa anawahudumia akina mama. Kati ya nyumba hizo mbili mkono wangu haujaingia kwenye ile mashine tangu tumzike nyanya yako. Kila mmoja ananijua kuwa ni mtu wa presha, na kila mmoja anadhani mwenzake ananiangalia.

Naiogopa mashine ile kwa sababu itasema nilichofanya na tembe zangu. Na hapo lazima nianze na nyanya yako.

Nyanya alikuwa na presha tangu nikiwa shule. Alikuwa anakwenda zahanati, wanampima, wanampa dawa, anameza, maisha yanaendelea. Baadaye mimi nikapatikana nayo huku. Siku moja akaniambia kwenye simu kwamba zile za zahanati zinamfanya akohoe usiku kucha. Mtu mwenye akili angesema, Mama, rudi ukawaambie, wakubadilishie. Mimi nilisema, "Achana nazo, Mama. Nitakutumia za huku." Unajua tunavyoziona dawa za Amerika. Mtu akiwa nyumbani anaumwa kichwa, tembe iliyovuka bahari humtibu hata kabla hajaimeza. Nami sikuwa na dawa nyingine ya kumtumia ila yangu mwenyewe.

Kwa hiyo nikaanza kugawa chupa. Nusu yangu, nusu ya Mama. Ili yangu itoshe mwezi, nikawa nameza leo, kesho naruka. Mtu akisafiri kwenda nyumbani, nampelekea kifurushi. Si unakumbuka tulivyokuwa tunaendesha gari hadi Brooklyn Park na bahasha nene, unauliza kuna nini ndani, nami nasema ni zawadi ya Nyanya? Ndizo hizo. Hakuna daktari aliyesema dawa ya mwanaume wa umri wangu, anayebeba maboksi ghalani, inamfaa mama mzee mwembamba ambaye hata figo zake hakuna anayezijua. Nilifanya hivyo kwa upendo, na nilikuwa najisikia mtoto mwema kweli kweli.

Kilichoharibika zaidi ni kwamba Nyanya aliacha zahanati kabisa. Angefuata nini kule, na yeye dawa zake zinatoka ng'ambo? Akawa anawaringia majirani. "Zangu zinatoka kwa mwanangu, Amerika." Hakuna aliyempima tena. Na kifurushi kilichelewa kama vifurushi vyote vinavyochelewa. Mtu aliyekuwa asafiri akaahirisha safari, nami nikasema si neno, atakwenda mwezi ujao. Tembe zilimwishia Nyanya na hakuniambia, hakutaka kunisumbua. Sisi watu wa nyumba hii tuna ugonjwa wa kutotaka kusumbuana.

Siku ile unaikumbuka. Najua unaikumbuka, kwa sababu tangu siku ile ukiona jambo hunitazama kwanza usoni kabla ya kulisema.

Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani, mama yako amekwenda zamu yake ya unesi kule Golden Valley. Ulikuwa umekaa hapa hapa mezani na hesabu zako. Nikampigia Nyanya kwa video. Unajua alivyokuwa anashika simu, siku zote tunaona paji la uso na mabati ya nyumba. Siku ile uso ulionekana wote, lakini umekaa upande. Upande mmoja wa mdomo ulikuwa chini. Nikamwambia, "Mama, shika simu vizuri, uso wako umepinda." Akajaribu. Simu ikaanguka. Akaiokota kwa mkono mwingine, nikaona dari, nikaona kanga, kisha uso tena, bado umepinda. Nikarudia, "Shika simu vizuri, Mama." Akasema kitu, maneno yakatoka mazito, yakivutana. Nikasema ni mtandao.

Wewe ukainua kichwa kwenye hesabu zako. Ukasema, "Baba, it's not the phone. Nyanya's mouth is falling."

Nami nikakuambia, "Nyamaza, watu wazima wanaongea."

Ukakusanya vitabu vyako ukapanda juu. Nikamwambia Mama alale, mtandao ni mbaya, tutaongea kesho. Akatikisa kichwa kukubali, mtoto mtiifu kwa mtoto wake. Nikakata simu. Uso, mkono, maneno, yote matatu ninayowafundisha wazee wa kanisa yalinipitia mbele ya macho kwenye kioo cha simu, nami nikalaumu mtandao.

Jirani alimkuta asubuhi chini karibu na kitanda. Kule hospitalini waliuliza ilianza lini, kwa sababu kiharusi kinachotokana na damu kuganda kina dawa ya kuifungua ile damu, na dawa hiyo ina muda wake. Muda ulikuwa umepita mimi nikiwa nimelala usingizi mzuri Champlin. Aliishi miezi michache, bila mkono wa kulia na bila maneno. Nilipofika nyumbani alinitazama, akafungua mdomo kuniita, na jina langu halikutoka. Nililia nje nyuma ya choo ili wasinione. Kwenye rafu yake nilikuta chupa yangu, yenye jina langu, tupu, ameiosha na kuifuta.

Mimi na wewe hatujawahi kuongea juu ya siku ile. Nilirudi kutoka mazishini na zawadi, na tukaendelea. Nakuambia leo kwamba ulikuwa sahihi. Ulikuwa mtoto wa shule na uliona, na mimi baba yako nilikufunga mdomo. Nisamehe, mwanangu. Usiniambie "it's fine, Dad." Haikuwa sawa.

Kwenye matanga kila mtu alisema Nyanya alianguka ghafla. Wakahesabu na wengine: babu yangu alikwenda ghafla, akiwa anachuma chai. Ami yangu alianguka ghafla shambani, jembe mkononi. Kuna waliosema ukoo wetu umetupiwa kitu. Nilikaa pale nikasikiliza, na nikaanza kulichukia neno ghafla. Nyanya alikuwa na presha miaka mingi. Babu alikuwa akisimama kila baada ya hatua chache kupanda ule mlima wetu, watu wakasema anapenda kuangalia mashamba. Ami alikuwa akilalamika bega. Tuliwaona wote, tukawatafutia sababu nyingine.

Basi ungedhani mtu aliyeyaona hayo alirudi Minnesota na kumeza tembe zake kila siku. Sikufanya hivyo. Sikuwa tena na mtu wa kugawana naye, lakini kila nikifungua chupa nilimwona Mama akiiosha ile nyingine. Nikazoea kuruka. Leo nameza, kesho naiacha, wiki nyingine naisahau kabisa, na mwili haukulalamika, kwa sababu presha haiumi. Inakaa ndani ya mtu na anacheka, anabeba friji. Daktari alipoona namba zinapanda aliniuliza, "Are you taking it every day?" Nikasema ndiyo. Akaongeza dozi, maskini, akidhani dawa imeshindwa.

Na kuna uongo mwingine ambao ni wako zaidi kuliko wangu. Kabla hujaanza voliboli, tulikwenda kliniki upimwe. Nesi akauliza kama kuna ugonjwa wa moyo katika familia. Ulikuwa umekaa juu ya kile kitanda kilichotandikwa karatasi, unaning'iniza miguu. Nikajibu mimi. "No, we are strong people." Niliogopa watakukataza kucheza. Vilevile, nisikufiche, niliona kama kulitaja ni kukuitia. Kwa hiyo kila daktari aliyekugusa tangu hapo anadhani unatoka kwenye ukoo usio na historia. Ukifika huko, kabla hujajua hata mahali chakula kinapouzwa, nenda kwenye kliniki ya chuo uwaambie: bibi mzaa baba, kiharusi. Babu wa baba na ami wa baba, huenda moyo, hawakupimwa. Baba, presha, na huu uzito wa kifuani, ambao bado haujapimwa. Wapime presha yako uijue namba yako ukiwa bado mzima, ili siku ikibadilika ujue imebadilika.

Uliwahi kuniambia wakati wa mitihani kwamba moyo wako ulikuwa unakimbia umekaa kitandani. Nikakuambia upunguze yale makopo ya kinywaji cha kukesha, na hilo lilikuwa kweli, lakini sikukuuliza lingine. Nauliza sasa. Je, kulikuwa na kizunguzungu? Uliwahi kuona giza uwanjani? Ukizirai ukiwa unacheza, usiinuke ukajifuta vumbi ukasema hukula vizuri. Toka uwanjani ukaangaliwe. Na mama yako husema jambo ambalo sisi wanaume tunalisikia kwa sikio moja, kwamba kwa wanawake ugonjwa wa moyo mara nyingine hauji na maumivu ya kifua. Unakuja na uchovu usioeleweka, kichefuchefu, mgongo, pumzi fupi, halafu wanaambiwa wana mawazo mengi. Usikubali kuambiwa hivyo na mtu ambaye hajakupima.

Nimeinuka kufunga dirisha la jikoni. Nimerudi.

Moraa, kimekuja tena. Si kwa sababu ya dirisha, dirisha si kitu. Kilikuja nikiwa nimeshakaa, kalamu mkononi. Mara zile nyingine nilikuwa nakipata nikiwa natembea au nimesimama, nikitulia kinakwenda. Sasa nimekaa na hakiendi. Mama yako hilo amelisema kanisani mpaka nimelikariri: kikikujia umekaa, usingoje.

Na bado nangoja. Nataka uone jinsi akili ya baba yako inavyofanya kazi, kwa sababu siku moja yako itakuambia hivyo hivyo. Inaniambia jua halijazama, mama yako atarudi baada ya zamu, atajua la kufanya. Inasema ni ile samosa ya mchana. Inasema wakija na ving'ora majirani watatoka nje kuangalia. Inasema kesho uendeshe polepole, upite pembeni mkono wa kulia, ukifika Duluth ushushe mizigo, umkumbatie mtoto, kisha kesho kutwa uende hospitalini kimya kimya, na hakuna atakayejua.

Hapo ndipo nimejiona. Nimejiona kesho kwenye barabara ya thelathini na tano, tumepita miji yote, kushoto miti na kulia miti, wewe umelala kwenye kiti cha pembeni na miguu juu ya dashibodi kama unavyolala, na huu uzito ukarudi mikono yangu ikiwa kwenye usukani. Nilikuwa tayari kukupakia humo. Niliogopa usije ukakosa siku ya kwanza ya shule, nikawa tayari kukuendesha hivyo.

Nimefanya kama Nyanya. Tembe zimeisha, sisemi, sitaki kumsumbua mtoto.

Nimepiga.

Dada wa namba ya dharura yuko kwenye spika, ameniuliza umri, ameniuliza maumivu yako wapi. Nimemwambia kifuani, taya, na sasa mkono. Ameuliza kama aspirini inanidhuru au kama natokwa na damu mahali popote, nikasema hapana, akaniambia niitafune. Ipo ile ya mama yako kwenye droo. Nimetafuna, ni chungu. Amesema nikae chini, nifungue mlango, nisiende popote, nisikate simu. Mlango umefunguliwa. Nimerudi kitini. Anasema wako njiani na anataka niendelee kumjibu, kwa hiyo nikiandika nusu sentensi ujue niliulizwa kitu.

Andika hili kichwani mwako, utaulizwa wewe au mama yako. Tembe za presha: nameza siku moja, naruka siku moja, mara nyingine naruka zaidi. Siyo kila siku. Nilimdanganya daktari. Waambieni hivyo hivyo bila kunifunika. Ilianza Jumamosi, kwenye ngazi. Ikaja Jumatatu, ikaja jana wakati wa sala. Leo imekuja nimekaa.

Mama yako usimwache anigombeze mbele ya manesi wenzake. Akishafika nyumbani anigombeze atakavyo, ana haki.

Kuhusu kesho. Huenda tutakwenda Duluth wiki nyingine, huenda Mzee Nyakundi atakupeleka. Hukosi shule kwa ajili yangu, ila hutaniona nikikupeleka nikiwa hivi. Ukikasirika, kasirika. Nilitaka uondoke bila mzigo, na nikakupa huu.

Naogopa, mwanangu. Nimeandika barua ndefu nikizunguka neno hilo. Naogopa sana, na ninataka kukuona ukimaliza shule.

Nasikia king'ora mbali, upande wa mto. Dada wa kwenye simu anasema ndio wao.

Nimeegemeza tableti kwenye chungu cha maua hapa mezani, nakupigia kwa video. Inaita. Nimegeuza kiti nikaangalia dirisha ili mwanga unipige usoni vizuri. Ukishika, usinisalimie. Nitazame, Moraa, uso wote, na uniambie unachokiona. Safari hii sitakunyamazisha.

Baba